Ngozi ya Lori

Shida yote ilianza na mfano mzuri, na aliyeutoa alikuwa Manilal mwenyewe, muuza magari wa Nakuru, siku arap Birir alipokwenda kwake kununua lori.

Ilikuwa mwaka wa 1957. Arap Birir alikuwa Mkipsigis wa Keringet, mwenye duka dogo, shamba la kabichi na viazi, na zizi lililojaa ng'ombe ambao wengi wao hawakuwa wake. Hilo la mwisho ndilo lililompa heshima. Kwa Wakipsigis, mtu anaweza kumkabidhi mwenzake ng'ombe amtunze kwa miaka. Mtunzaji hunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Desturi hiyo huitwa kimanagan. Haina mkataba wala muhuri. Inachohitaji ni mtu asiyesema uongo, na watu wa Keringet walikuwa wamekubaliana kwamba arap Birir hakusema uongo. Kasoro zake walizijua pia.

Manilal alikuwa na mkataba wa kurasa nne kwa Kiingereza, na hakuwa na nia ya kuusoma. Miaka mingi ya kuuza magari kwa watu wa milimani ilikuwa imemfundisha njia fupi.

"Rafiki, sikiliza," alisema, akigonga mlango wa lori kwa pete yake. "Hii gari iko kama ng'ombe ya kimanagan. Inakaa kwako, wewe nakamua. Lakini ng'ombe ni yangu mpaka wewe maliza kulipa. Umeelewa?"

"Nimeelewa kabisa," alisema arap Birir, akaweka kidole gumba penye wino, kisha kwenye karatasi.

Alikuwa ameelewa kuliko Manilal alivyokusudia, kwa sababu kimanagan ina sehemu ya pili. Ng'ombe akifa, mtunzaji hadaiwi kitu, mradi ampelekee mwenyewe ngozi. Na ng'ombe akiugua hata ikawa dhahiri kwamba haponi, mtunzaji anaruhusiwa kumchinja kabla hajafa, mbele ya mashahidi, ili nyama isiharibike. Kisha humpelekea mwenyewe ngozi pamoja na sehemu yake. Manilal hakuijua sehemu hiyo. Arap Birir hakumwuliza, maana hakuna mtu anayeuliza jambo ambalo hata watoto wanalijua.

Lori lilikuwa la kijani, si jipya, na liliponguruma lilikuwa kama mzee anayesafisha koo. Kwa miezi kadhaa lilifanya kazi yake. Lilibeba kabichi na viazi kutoka Keringet, likapita Molo, Elburgon na Njoro hadi soko la Nakuru, na kila mwisho wa mwezi arap Birir alimlipa Manilal bila kukumbushwa. Jioni alilifunika kwa turubai jipya. Mkewe, Chepchirchir, alilitazama turubai hilo, kisha akalitazama paa la jiko lake lililovuja, akaanza kuliita lori mke mwenza.

"Mke mwenza amekula?" aliuliza kila jioni.

"Amekunywa, mama Chelagat."

"Na kesho atalima, ama atalala tena chini ya shuka yake?"

Mvua za masika zilipoanza, mtu aliyejaza petroli Elburgon alisahau kifuniko cha tangi juu ya pipa. Arap Birir alifika nyumbani petroli ikirukaruka na kumwagika njia nzima. Chepchirchir alisikia harufu, akatoka nje, akaangalia lile tundu la tangi jinsi mtu anavyoangalia kazi ya mpishi mbaya. Akaingia ndani, akachukua gunzi la mahindi, akalivisha kipande cha mpira wa baiskeli, akalisukuma kwenye tundu kwa kiganja hadi likalia.

"Maziwa yangu hayajawahi kumwagika kwa kibuyu," alisema. "Na hii haitamwagika."

Ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo petroli haikumwagika hata tone.

Tangu siku hiyo pia, lori likaanza kuzimia. Likipanda mlima wa kwanza lilikohoa, likatetemeka, likasimama. Arap Birir alifungua boneti, akatazama ndani kwa makini bila kujua anatafuta nini, akaifunga. Alikula hindi la kuchoma. Mahindi yakiisha, lori liliwaka kana kwamba halijafanya kosa lolote, likaenda hadi mlima uliofuata, likazimia tena. Kabichi zilifika Nakuru zimegeuka manjano, na wanawake wa sokoni walimwuliza kama ametembea nazo kwa miguu.

Akamwita Masinde, fundi Mluhya mwenye karakana nyuma ya soko la Molo, aliyejifunza kazi kwenye reli na asiyeacha mtu asahau jambo hilo. Masinde alikuwa na utaratibu. Kwanza alichomoa gunzi na kuchungulia ndani ya tangi. "Wengi wananiita kumbe petroli imeisha tu," alieleza. Petroli ilikuwepo. Akarudisha gunzi, akafungua injini, akapuliza kabureta, akakaza vitu vilivyokuwa vimekazwa, akasema, "Washa." Lori likawaka. Masinde akalipwa, na mlima uliofuata lori likazimia.

Akabadilisha plagi. Likapona, likaugua. Akabadilisha pampu, na mabomba yote kutoka tangi hadi injini. Kila mara alianza kwa kuchungulia tangi, kila mara lori liliwaka mbele yake kwa utii, na kila mara lilizimia baada ya yeye kuondoka.

"Mzee," alisema mwishowe, akijifuta mikono, "mimi reli ilinifundisha mpaka mwisho, na hapa ndio mwisho. Hii gari imekufa. Inatembea tu kwa sababu haijaambiwa."

Arap Birir alimtazama kwa uzito. "Unasema haiponi?"

"Haiponi."

"Unaweza kusema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya gavana!"

Juma lililofuata lori lilizimia chini ya mlima wa Keringet, mvua ikinyesha, na halikuamka hata baada ya mahindi. Lilivutwa hadi nyumbani na fahali wanne, ambao walionekana kuliona jambo hilo kuwa la haki.

Asubuhi arap Birir aliwaita mashahidi. Wa kwanza alikuwa jirani yake, arap Soi, mwenye ng'ombe watatu katika zizi lile. Wengine wawili walikuja kwa sababu arap Soi alikuja. Walilizunguka lori mara mbili, mikono mgongoni. Arap Soi aliinama mbele ya taa.

"Macho haya hayaoni kitu," alisema. Akaweka kiganja juu ya boneti. "Amepoa. Na hapumui."

"Masinde anasema haponi," alisema arap Birir.

"Basi usimtese."

Chepchirchir alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Baba Chelagat, mwenye ng'ombe aitwe kwanza."

"Nakuru ni mbali. Nyama itaharibika."

"Nyama gani?"

Lakini arap Birir alikuwa tayari ameshika shoka, na mtu aliyeshika shoka mbele ya mashahidi watatu ni vigumu kumwambia aliweke chini.

Kazi ilifanywa kwa heshima na kwa kufuata kanuni. Bodi ya mbao ilipasuliwa ikawa kuni. Magurudumu yalivuliwa, na mwenye kukata viatu vya akala akayachukua yote. Kiti cha dereva kilikwenda kwa mama yake arap Birir, ambaye alikikalia papo hapo na kukataa kunyanyuka. Arap Soi alipata mlango wa kushoto. Injini ilikuwa nzito, nayo ikaachwa pale kwenye fremu pamoja na tangi, kama kichwa cha ng'ombe ambacho kila mtu anasubiri mwenzake akichukue. Sehemu ya mwenye mali iliwekwa kando: boneti, namba zote mbili, na zile taa mbili, ambazo arap Birir alizihesabu kuwa mnofu bora zaidi.

Siku iliyofuata alipanda gari la moshi pale Molo, daraja la tatu, boneti ikiwa mapajani kama meza. Abiria mmoja aliweka chai yake juu yake hadi Njoro.

Manilal alikuwa nyuma ya kaunta.

"Bwana Manilal, pole sana," alisema arap Birir.

"Pole ya nini?"

"Ng'ombe wako amekufa."

"Ng'ombe? Mimi hapana ng'ombe."

Arap Birir alilaza boneti juu ya kaunta, rangi ya kijani juu. "Ngozi ndiyo hii." Akapanga namba mbili juu yake, kisha taa. "Na hii ni sehemu yako. Deni limekufa na ng'ombe. Tuagane vizuri."

Manilal alisoma namba ya kwanza, kisha ya pili, kama anayetumaini kwamba hazilingani. "Nani ameua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi mwenyewe. Asubuhi, mbele ya mashahidi. Hakuteseka."

Askari alipoitwa, arap Birir alifurahi, kwa kuwa shahidi wa serikali ni shahidi mkubwa zaidi. Alimweleza habari yote tangu mwanzo, akamsahihisha pale aliposahau kuandika shoka. Askari alisema baadaye kwamba katika kazi yake hajawahi kuandika ungamo lililompa taabu ndogo hivyo. Kisha akamfunga pingu.

Shtaka lilikuwa kuharibu, kwa makusudi na kinyume cha sheria, mali ya mtu mwingine. Aliambiwa kwamba kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano, kisha akaachiliwa kwa dhamana hadi siku ya kesi.

Alirudi Keringet akakuta habari imemtangulia. Wenye ng'ombe walianza kuja. Walikuja kwa adabu, mmoja mmoja, wakanywa chai na kuulizia mvua. "Nimekuja tu kumwona ng'ombe wangu," kila mmoja alisema, na kila mmoja alipoondoka aliondoka naye. Wa mwisho alikuwa arap Soi.

"Si kwa ubaya," alisema arap Soi, akiwatanguliza ng'ombe wake watatu. "Mimi nilikuwepo. Lakini mahakama ikisema uliua kwa makusudi, watu wataniuliza nilikuwa naangalia nini."

Arap Birir alisimama kwenye lango la zizi. Kuvunja mawe jela alikuwa tayari kuvunja. Alikuwa na mabega. Kilichomsumbua ni lile neno makusudi. Mtu aliyeua ng'ombe wa wengine kwa makusudi hakabidhiwi hata kuku, na akitoka jela baada ya miaka mitano neno litakuwa linamsubiri palepale langoni.

Hakimu wa Nakuru alikuwa Mzungu mwembamba aliyeitwa Hallam. Mji mzima ulijua kwamba kila Jumapili alifungua motokaa yake vipande vipande nyuma ya nyumba yake, na kwamba Jumatatu nyingine alifika mahakamani kwa miguu. Kiswahili alikijua vizuri na hakuhitaji mkalimani. Mashtaka yaliongozwa na Inspekta Ogola, ambaye kaptura yake ilikuwa imepigwa pasi hata ingeweza kukata mkate.

"Lori lilikuwa mali ya nani?" aliuliza Inspekta Ogola.

"Ya Manilal."

"Nani alilivunja?"

"Mimi."

"Kwa bahati mbaya?"

"Kwa shoka."

Watu walicheka. Inspekta alimgeukia hakimu, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyemaliza kazi kabla ya chai.

Arap Birir alipopewa nafasi ya kujitetea alieleza kimanagan yote, sehemu ya kwanza na ya pili. Hakimu aliandika. Inspekta akasimama tena.

"Asubuhi ile, kabla ya shoka, ulijaribu kuliwasha?"

"Hapana, afande. Ng'ombe akiwa mahututi humwambii asimame."

Manilal aliitwa. "Uliwahi kumwambia mshtakiwa," aliuliza hakimu, "kwamba lori hili ni kama ng'ombe wa kimanagan?"

"Mimi naambia kila mtu hivyo, bwana," alisema Manilal kwa fahari. "Ni mfano mzuri sana. Wote naelewa upesi."

"Na unajua ng'ombe wa kimanagan akifa inakuwaje?"

Manilal alimtazama arap Birir, akaitazama boneti iliyolala mezani na karatasi ya kielelezo cha kwanza imebandikwa juu yake. "Sasa najua, bwana," alisema.

Masinde alikuja na koti la reli. Alisema kwamba lori lilikuwa halifai kitu, na kwamba hata gavana angeambiwa hivyo.

"Ulibadilisha nini?" aliuliza hakimu.

Masinde alitaja plagi, pampu, mabomba.

"Na kila mara likawaka?"

"Kila mara, bwana. Mkono wangu si mbaya."

"Kabla ya kubadilisha chochote, ulifanya nini?"

"Kuchungulia petroli. Natoa kifuniko, naangalia, narudisha."

Hakimu aliweka kalamu chini. Uso wake ukawa wa mtu wa Jumapili. "Tangi liko wapi?"

Tangi lilikuwa uani, kwenye fremu ambayo polisi walikuwa wameileta kutoka Keringet kwa taabu kubwa. Mahakama nzima ilitoka nje kumfuata. Hakimu alipiga goti kwenye vumbi, akashika gunzi, akavuta. Halikutoka. Akavuta kwa mikono miwili. Akalinyanyua juu, akaligeuza.

"Nani alitengeneza hiki?"

"Mimi, bwana," alisema Chepchirchir.

"Umeziba vizuri sana."

"Asante."

"Kile kifuniko cha kwanza kilikuwa na tundu katikati?"

"Kadogo. Nilisema huyu mzee ameuziwa kifuniko kibovu."

Hakimu alisimama, akajifuta magoti, akaeleza pole pole. Injini hunywa petroli kutoka kwenye tangi. Kila petroli inapopungua, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, petroli inakwama njiani na injini inakosa cha kunywa. Kwa hiyo kifuniko hutobolewa. Lori likisimama muda mrefu, hewa kidogo hupenya mahali fulani na linaamka. Fundi akichomoa gunzi ili kuchungulia, hewa inaingia yote, na lori linapona kabla hajagusa spana.

"Lori halikuwa na ugonjwa wowote," alisema. "Lilikuwa limezibwa pua."

Masinde alitafuta kitu kwenye mifuko ya koti lake, akaendelea kukitafuta kwa muda mrefu.

Arap Birir alishika fremu kwa mkono mmoja. "Kwa hiyo alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Nimechinja ng'ombe mzima wa mtu," alisema arap Birir, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Bwana," alisema Inspekta Ogola kwa furaha, "basi ameharibu lori zima, si bovu!"

"Ndiyo," alisema hakimu. "Turudi ndani."

Ndani alisoma uamuzi wake bila kupandisha sauti. Lori lilikuwa mali ya muuzaji mpaka malipo ya mwisho, na anayeharibu gari analodaiwa anaharibu mali ya mwingine hata kama linalala uani kwake. Hilo watu wote walijue. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mtu hana hatia ya jinai juu ya mali ikiwa alitenda akiamini kwa dhati kuwa ana haki ya kutenda, bila nia ya kulaghai. Imani hiyo si lazima iwe sahihi. Lazima iwe ya kweli. Mtu anayetaka kulaghai hawaiti majirani watatu, hapandi gari la moshi na boneti mapajani, wala hamkumbushi askari kuandika shoka. Na imani hii mshtakiwa hakuiokota njiani; alipewa na mlalamikaji mwenyewe, pamoja na ufunguo. "Makusudi ya uovu hayakuwepo. Hana hatia. Kuhusu deni, hiyo ni kesi nyingine, na nimeusoma mkataba wa Bwana Manilal. Hauna neno lolote juu ya ngozi."

Manilal aliruka. "Mimi nafungua hiyo kesi leo!"

Arap Birir aliinua mkono. "Haina haja, bwana. Ng'ombe mgonjwa akichinjwa, hakuna deni. Akichinjwa mzima, hata kwa kutojua, mtunzaji analipa ng'ombe mzima. Nitalipa yote. Andika."

"Hiyo si kazi ya mahakama hii," alisema hakimu.

"Wewe andika tu."

Hakimu akaandika.

Kulifufua lori kulichukua muda mrefu kuliko kulichinja. Masinde alifanya kazi bila malipo na, kwa mara ya kwanza, bila kutaja reli. Arap Soi alirudisha mlango. Mama yake arap Birir alikubali kutoa kiti baada ya kuahidiwa kingine chenye springi zilezile. Bodi ilipigwa mbao mpya, na magurudumu ilibidi yanunuliwe upya, kwa kuwa yale ya zamani yalikuwa yanatembea Keringet nzima chini ya miguu ya watu. Boneti peke yake ndiyo iliyokosekana. Ilikuwa kielelezo, na kielelezo hakitoki hadi muda wa rufaa upite, na ulipopita ikahitajika sahihi ya mtu aliyekuwa likizo Uingereza. Kwa hiyo lori liliteremka Nakuru injini wazi, mvua ikichemka juu yake, na kwenye kizuizi cha polisi cha Njoro arap Birir alionyesha karatasi ya mahakama kuthibitisha kwamba ngozi ya gari lake iko mikononi mwa serikali.

Kifuniko cha tangi kilikuwa kipya, chenye tundu, na kilifungwa kwa mnyororo. Chepchirchir alikikagua kila asubuhi kwa kuchungulia anga kupitia lile tundu, jicho moja limefumba. Kule mjini, Manilal alikuwa amebadilisha mfano wake. "Hii gari hapana ng'ombe," aliwaambia wateja kabla hawajauliza bei, nao wakamtazama kwa huruma.

Malipo yalipokuwa yamekaribia kwisha, arap Soi alikuja jioni moja na ng'ombe wake watatu. Hakunywa chai kwanza. Aliwafungulia lango la zizi, wakaingia kama wanaoijua njia.

"Watunze," alisema. "Lakini mmoja akiugua, usiite mtu mwingine. Niite mimi."

"Nitakuita," alisema arap Birir. Akajifanya anasafisha lango.

"Kabla ya kukuita," alisema Chepchirchir kutoka jikoni, "tutamwangalia pua."